Mikono Ishughulike, Mdomo Uwe Huru

Mdogo wangu wa Morogoro, swali lako nimelipata. Unasema wewe na wenzako watatu mmeshibana tangu kidato cha kwanza. Kila Jumamosi mnakutana kwenu, mnaagiza chipsi mayai, mnapigana picha, halafu kila mmoja anainamia simu yake mpaka magharibi. Sasa unauliza mfanye nini cha maana pamoja, na unaongeza kuwa mmoja wenu alipotaja kikoba, mwingine alinuna wiki nzima.

Kikoba kiacheni kwanza. Kina faida zake na kina ugomvi wake, tutakizungumza siku nyingine. Mimi nataka mkae chini mtengeneze kitu kwa mikono yenu. Najua utakachonijibu: "Dada, sisi hatuna vipaji." Sijauliza kipaji mimi. Kazi ya mikono ya kufanya na mashosti naipima kwa jambo moja tu: baada ya nusu saa ya kujifunza, je, macho yanaweza kuinuka na stori ikaendelea? Ikiwa kazi inataka kila mtu anyamaze na kubana pumzi, hiyo kaifanye peke yako usiku. Marafiki wanataka kazi inayoshughulisha mikono na kuuacha mdomo huru.

Kwa kipimo hicho, sijaona kazi inayoshinda ukili.

Wengi wenu mmekalia mikeka maisha yenu yote na mnadhani mkeka husukwa mzimamzima. Hapana. Kinachosukwa ni ukili, yaani utepe mrefu wa ukindu wenye upana wa vidole viwili vitatu hivi. Ukishapatikana wa kutosha, ndipo mtu anakaa na shazia, ile sindano nene, anaunga ukingo kwa ukingo mpaka mkeka unatimia. Ndiyo maana mama wa Pemba au wa vijiji vya Tanga unamkuta anasuka huku anakwenda shamba, anasuka akisubiri zamu zahanati, anasuka huku anaamua ugomvi wa wajukuu, na vidole havijasimama. Macho hayana kazi pale. Vidole vyenyewe vinajua njia.

Na nyinyi mnaosukana nywele nusu ya kazi mnaijua tayari. Nendeni kwa wanaouza mikeka sokoni, waulizeni ukindu wanautoa wapi. Mara nyingi watakuuzieni fungu hapohapo au watakuelekezeni. Chagueni majani machanga yaliyokwisha kukaushwa juani, yenye weupe wa maziwa. Mnayachana kwa ukucha au ncha ya sindano mpate chane zenye upana sawa, na hapa msifanye haraka, kwa sababu chane nene ikikutana na nyembamba ukili unapinda kama nyoka na hamtajua umepindia wapi. Kabla ya kusuka, zifungeni chane katika kitambaa kilicholowa. Zikiwa kavu zinakatika. Zikilala majini zinaota ukungu na kunuka. Unyevunyevu tu unatosha.

Anzeni na chane tatu, mkono uzoee. Mkishaona ni rahisi mno, pandeni hadi tano. Chane ikikaribia kwisha, usingoje iishe: chomeka mpya juu yake ingali ina urefu wa kidole, endelea kusuka zote mbili pamoja mara mbili tatu, kisha iache ile ya zamani ichomoze upande wa nyuma. Ukili wako utaota ndevu kwa nyuma. Usiogope, zitakatwa mwisho.

Msianze na mkeka, mtachoka mkaachana. Anzeni na kitako cha sufuria. Ukili wa urefu wa pima mbili tatu unatosha kukizungusha, ukiunga kwa shazia na uzi imara. Ila msihangaike na duara. Katikati ya duara ukili unakunjamana na mtu anakata tamaa mapema. Tengenezeni umbo la yai, lile la msala: mnakunja kipande cha kwanza kikae kirefu kidogo, kisha mnazunguka nacho. Kona zake ni pole, ukili unaifuata sindano bila kununa. Mama zenu watavitwaa hivyo vitako siku hiyohiyo, kwa hiyo sukeni vya ziada.

Jambo jingine kuhusu ukili, na hili wasomaji wa kiume mlisikie pia. Mtu aliyeinamia kazi husema mambo ambayo asingeyasema mkitazamana usoni. Mkikaa kitako mezani mkaambiana "haya, tuzungumze matatizo yetu," kila mtu anapata kigugumizi. Lakini mikono ikiwa inakwenda, ghafla mmoja anasema, "Unajua baba hajarudi nyumbani mwezi huu?" Hakuna anayeinua kichwa, na kwa vile hakuna anayeinua kichwa, anaendelea. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, kuna wanawake wa pande zote mbili, wajane na wale ambao waume zao walifungwa, waliokaa pamoja kusuka vikapu vya agaseke. Sisemi vikapu ndivyo vilivyowapatanisha. Nasema kukaa karibu na mtu ambaye huna la kumwambia ni kugumu mno mikono ikiwa mitupu.

Haya, turudi kwenye mambo mepesi.

Mkitaka kazi moja ya wote wanne, si kila mtu na chake, tengenezeni zulia la mlangoni la gunia na fulana kuukuu. Tafuteni gunia la katani au la juti, lile lenye matundu yanayoonekana. Viroba vya plastiki havifai, vinachanika. Pigilieni mbao nne mpate fremu, mlishone gunia juu yake likakamae. Chora picha kwa kipande cha mkaa: nyota, jani, herufi za majina yenu. Sura za watu msithubutu, mtaishia na jini. Fulana zilizochakaa mnazikata vipande vyembamba vya upana wa kidole na urefu wa kidole cha kati. Fulana ni nzuri kwa sababu ukingo wake ukikatwa haufumuki nyuzi. Kila kipande kinaingia tundu moja, kinatokea tundu la jirani, kinafungwa fundo moja, basi. Bomba la kalamu iliyokwisha wino linatosha kusukumia.

Uzuri wa zulia ni kwamba fremu ina pande nne na nyinyi mko wanne. Kila mtu anakaa upande wake, mnaanzia ukingoni mkielekea katikati, magoti yanagusana chini ya fremu. Aliye mzembe anaonekana bila kusemwa, maana upande wake una upara. Mnaweza kulifanya kwa Jumamosi nyingi, mnaliegemeza ukutani mkimaliza kikao, hakuna kinachoharibika. Ila kabla ya fundo la kwanza amueni zulia litakwenda kwa nani. Mimi ningesema litakwenda kwa atakayetangulia kupanga chumba chake. Mkikubaliana mapema, mnafanya kazi huku mnataniana. Mkiacha mpaka mwisho, mtagombana juu ya fulana zilizokuwa za kudekia.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu batiki na vitambaa vya kufungafunga, zile nguo za mabaka na miduara. Nazipenda. Lakini hapa dada yenu anaweka sura ya ukali kidogo. Rangi zinazotumiwa na mafundi huchanganywa na kostiki soda na haidro. Kostiki inaunguza ngozi na inapofusha jicho. Siku zote soda ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogokidogo. Ukimwaga maji juu ya soda yanachemka na kukurukia. Haidro nayo ikiingiwa na unyevu ndani ya kopo hupata joto na inaweza kuwaka. Kwa hiyo kama mnataka batiki ya kweli, mtafuteni mama anayeifanya, mlipeni siku moja awafundishe uani kwake, mkiwa na glavu, na watoto wadogo wakiwa mbali. Mtafaidi pia ule mwujiza wa kitambaa kutoka kwenye beseni na rangi moja na kugeuka rangi nyingine mkononi kikishapigwa na hewa. Hapo hata aliyenuna atapiga kelele.

Mkiwa peke yenu tumieni maganda ya vitunguu. Sitanii. Yale makavu ya nje, ya rangi ya shaba, ambayo mama ntilie anayatupa kila asubuhi. Mwombeni awawekee kwenye mfuko kwa wiki moja mpate ya kujaza sufuria kuukuu. Yachemsheni kwa saa nzima, yachujeni, maji yatakuwa mekundu ya kahawia. Kitambaa lazima kiwe pamba. Kama hamna uhakika, chomoeni uzi mmoja mkauwashe: pamba huungua ikawa jivu laini na kunuka karatasi, nailoni na polista huyeyuka zikawa kidonge kigumu, na hizo si za kazi hii hata mzibembeleze. Kifueni kitambaa kwanza kwa sabuni kitoke wanga wa dukani. Kisha kilowekeni kwenye maji ya moto yaliyoyeyushwa shabu, ile inayouzwa madukani pwani kama kipande cha barafu. Shabu ndiyo inayoifanya rangi ikae. Halafu ndipo raha inaanza: mnafunga maharage, vijiwe, vifungo, kwa uzi uliokazwa sana, kila mtu kwa siri yake. Kila mlipokaza patabaki peupe. Chemsheni kitambaa ndani ya maji ya vitunguu, kiacheni kipoe humohumo mpaka kesho, suuzeni, ndipo mfungue.

Mtapata rangi ya dhahabu iliyokolea, na hakuna vitambaa viwili vitakavyofanana. Manjano ya jikoni nayo inatia rangi, tena haraka na kali, ila jua linaila upesi. Itumieni kwa leso za mchezo, si kwa nguo ya sikukuu. Na jamani, siku ya rangi msilete bajia. Mafuta yakigusa kitambaa kabla ya rangi, pale patabaki doa na mtatafutana. Leteni karanga.

Mabaki ya vitenge kwa fundi cherehani kila mtu anayajua, sitakaa hapo. Vibanio vya nywele, hereni za kifungo kilichovikwa kitambaa, bangili kuukuu ya plastiki iliyozungushiwa kitenge na gundi. Kazi ya saa moja, inafaa mkiwa na mgeni ambaye hamjamzoea. Fundi hatawanyima mabaki mkimwendea kwa adabu na soda baridi.

Kuna kazi moja ambayo wasomaji wa Unguja na Mombasa watanishangaa nisipoitaja, kutunga vikuba. Asumini huchumwa jioni yangali matumba yaliyofumba, yanatungwa kwa uzi pamoja na rihani na waridi, kisha usiku yanafunguka yenyewe kifuani au kwenye nywele na harufu inajaa chumba. Mkiwa na harusi ya jirani, ombeni kazi hiyo nyinyi. Mnakaa barazani na sinia la maua katikati, sindano nyembamba, uzi mweupe, na umbeya wote wa mtaa unapita hapo. Nami nakipenda kikuba kwa sababu moja ya ujanja: kesho yake kinanyauka. Hakuna wa kugombea kukaa nacho, hakuna wa kusema changu kilikuwa kizuri kuliko chako. Kama kundi lenu lina watu wa kushindana, anzeni na vikuba.

Kinyume chake ni kofia ya vito. Kuna mabinti wananiambia wanataka kukaa pamoja wawashonee kaka zao kofia za Idi. Nia njema, lakini kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono, kishimo kimoja kimoja, inaweza kula miezi, na mafundi wake wa Lamu na Zanzibar hawakuijulia kwa Jumamosi mbili. Mtaianza mkiwa na furaha, mtaimaliza hamsalimiani. Jifunzeni kwa leso ndogo kwanza.

Michoro ya Tingatinga nayo mmeniuliza. Inawezekana, na ina historia inayowahusu nyinyi hasa. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vibao vya mraba na rangi za kung'aa za baiskeli, na waliojifunza kwake walikuwa jamaa na marafiki waliokaa naye wakichora. Alifariki mwaka 1972, wakaendelea wao. Kwa hiyo ufundi wenyewe ulizaliwa kwenye kikao cha namna yenu. Shida ni moja: rangi hizo hazikauki siku hiyo. Mnapaka usuli, mnangoja, mnachora mnyama, mnangoja tena, ndipo mnatia madoa. Basi gaweni kazi: wiki hii usuli tu, wote kwa pamoja. Wiki ijayo mbadilishane vibao, kila mtu achore mnyama juu ya usuli wa mwenzake. Fanyeni mahali penye hewa, ile harufu inaumiza kichwa.

Sasa niseme juu ya watu, kwa sababu vitu havigombani.

Kundi lisizidi watano. Wakifika wanane hiyo ni kamati ya harusi, itachagua mwenyekiti. Michango itolewe kabla, si siku ile ile, na anayekusanya si lazima awe mwenye nyumba. Mwenye nyumba ameshatoa maji, kivuli na uvumilivu wa mama yake. Rafiki asiye na hela aseme "leo nitaleta fulana kuukuu" na hiyo ihesabiwe mchango, bila mtu kukohoa.

Kila kundi lina fundi mmoja, yule ambaye akigusa kitu kinanyooka. Huyo apewe onyo la upole: asifumue kazi ya mwenziwe. Aoneshe kwenye chane zake, mwenziwe atazame, basi. Nimeona urafiki ukipoa kwa sababu mtu alikwenda msalani akarudi akakuta ukili wake umefumuliwa na kusukwa upya "ukae vizuri." Ukae vizuri kwa nani? Kama kitako cha sufuria kimepinda, sufuria italalamika?

Na kuhusu kuuza. Mkishaweka picha mbili tatu kwenye status, lazima atokee mtu wa kuuliza "bei gani?" Vichwa vitapata moto. Ushauri wangu: mwaka wa kwanza msiuze. Toeni zawadi. Siku mtakapotaja bei ndipo mtaanza kuhesabu nani alifunga mafundo mangapi na nani alichelewa kufika. Mkitaka biashara baadaye, fungueni biashara yenye daftari lake, na hii ya Jumamosi iachwe ilivyo. Hili wengi hawanikubalii, lakini sijabadili mawazo.

Nimalizie na kijana wa Likoni, aliyeuliza kwa aibu kama haya ni ya wasichana pekee, maana yeye na wenzake wanapenda kuokota ndala pwani na hawajui wazifanyie nini. Kaka mdogo, aibu ya nini? Hapo Lamu, mafundi wa majahazi wakiongozwa na Ali Skanda waliunda jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, la Flipflopi, wakalivisha ndala zipatazo 30,000, na mwaka 2019 likasafiri kwa tanga kutoka Lamu mpaka Zanzibar. Nyinyi anzeni na magari ya waya na magurudumu ya ndala. Zioshwe kwa sabuni na zikauke kabisa. Bandikeni mbili kwa gundi ya fundi viatu mpate unene, ziacheni zilale chini ya jiwe usiku mmoja. Chora duara kwa mdomo wa kikombe kidogo, kata kwa kisu kikali kilicholoweshwa maji, kwa sababu mpira mkavu unang'ang'ania chuma, na makali yaelekee mbali nawe. Msumari upite katikati hasa; ukienda kando kwa unene wa punje ya mtama, gari litachechemea. Waya ulizeni kwa mafundi umeme, wana vipande vingi vya kutupa. Na mmoja wenu akikosea gurudumu, lisitupwe: likatwe dogo zaidi, liwe usukani.